Kazi ndogo za nyumbani, shule ya kwanza ya mtoto: Tunayoweza kujifunza Mbulu na Hanang

MTOTO wa miaka miwili anapouvuta ufagio kutoka mikononi mwa mama yake, katika nyumba nyingi za mjini jibu huwa ni moja: "Hebu acha, utajichafua." Ufagio hurudishwa kwa mwenyewe, runinga huwashwa, mtoto huketishwa mbele ya katuni na kazi huendelea kwa haraka kama ilivyokusudiwa.

Miaka kumi baadaye, mama huyo huyo humlalamikia jirani yake kwamba mwanawe hajui hata kuondoa sahani aliyolia chakula. Mtoto amekuwa mvivu, husema, na lawama zote hupewa simu, shule na marafiki. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtoto huyo aliwahi kuomba kazi, tena kwa machozi, akanyimwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Swali linalowasumbua wazazi wengi ni kwamba ubichi huo unaanza lini hasa. Je, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kweli kufanya kazi, au tunamwonea? Na je, kumpa kazi hakufanani na ule utumikishwaji wa watoto unaopigwa vita kila siku?

Ili kupata jibu si lazima kuvuka bahari. Inatosha kufika katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya miinuko na baridi. Upande mmoja umesimama Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, chini yake mji wa Katesh na mashamba ya ngano ya Basotu. Upande mwingine ardhi inateremka kuelekea Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi.

Eneo hili lina sifa ambayo wasomi wa lugha huisafiria kutoka mbali. Wairaqw, ambao watu wa mjini wamezoea kuwaita Wambulu, huzungumza lugha ya Kikushi. Wadatoga, wakiwemo Wabarbaig wa Hanang, lugha yao ni ya Kiniloti. Wapo Wanyaturu na Wanyiramba wenye lugha za Kibantu. Nao Wahadzabe wa Yaeda, ambao bado wapo wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wana lugha ya kugonga ulimi ambayo haijapatiwa ndugu wa karibu popote duniani.

Watu hawa wanatofautiana kwa chakula, kwa mavazi, kwa mila za ndoa na hata kwa namna ya kujenga nyumba. Hata hivyo, katika malezi wanafanana kwa jambo moja: hakuna anayesubiri mtoto afike darasa la kwanza ndipo ampe la kufanya.

Katika kaya ya Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji kwa wakati mmoja, kazi ziko karibu na mtoto. Mahindi hupukuchuliwa uani. Maharage huchambuliwa kwenye ungo. Vitunguu saumu, ambavyo Mbulu inajulikana navyo sokoni, hutenganishwa na kufungwa. Mtoto aliyeanza kutembea huketi pale kwa sababu mama ameketi pale, naye huokota punje iliyoruka na kuirudisha penye fungu. Hakuna aliyemwita, wala hakuna anayempigia makofi. Akichoka huondoka kumfuata kuku, na hakuna anayemrudisha.

Baadaye kidogo huanza kutumwa. "Mpelekee bibi kikombe hiki." "Mwite kaka." "Lete ule mwiko." Kwa mtu wa mjini maneno haya ni madogo mno kuitwa kazi, lakini ukiyatazama kwa makini utaona yana mtihani ndani yake. Mtoto anatakiwa aelewe amri, aikumbuke njiani, ampate mlengwa, akabidhi kitu kwa heshima, kisha arudi. Anayesahau katikati ya njia na kuanza kuchezea kikombe hajafaulu bado. Atatumwa tena kesho.

Kwa Wadatoga, ambao uhai wao kwa muda mrefu umekuwa ni ng'ombe, darasa hilo hufanyika penye zizi. Mifugo wakubwa huondoka na vijana. Ndama na wana-mbuzi hubaki jirani na nyumba, na watoto wadogo hukua miongoni mwao, wakiwazoea kwa rangi na tabia kabla hawajaweza kuwachunga. Fimbo ya kwanza ni kijiti tu, na mtoto anayeishika hajiulizi kama anacheza au anafanya kazi.

Wahadzabe wamekwenda mbali zaidi. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupata upinde wake mdogo akiwa na umri wa takriban miaka mitatu, na watoto wa kike huanza mapema kuchokonoa ardhi kwa vijiti vya kuchimbia wakiwa pamoja na mama na bibi zao. Miaka ya 1980 watafiti Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na James O'Connell waliokwenda kuishi nao walishangazwa kuona watoto wadogo wakijitafutia sehemu isiyo ndogo ya chakula chao wenyewe, kama matunda ya porini, ubuyu na mizizi iliyo karibu na kambi. Katika jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, watafiti walikuwa wamezoea kuona watoto wa wawindaji wakibaki kambini bila kazi kubwa. Mazingira ya Kalahari yalikuwa ya hatari kwa mtoto kutoka peke yake. Ya Yaeda yaliruhusu, nao wazazi wakaruhusu.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa Dar es Salaam au Arusha. Kinachoamua mtoto afanye nini ni hali ya mahali alipo, na umri wake peke yake hautoshi kutoa jibu. Ndiyo maana haifai kuchukua desturi ya Yaeda ikabandikwa ilivyo Sinza au Njiro.

Huko Kenya, wataalamu Charles Super na Sara Harkness waliishi miaka ya 1970 katika kijiji cha Wakipsigis kiitwacho Kokwet, wakawauliza wazazi ni mtoto gani mwenye akili. Waligundua kwamba wazazi wale walitofautisha akili ya shuleni na akili ya nyumbani. Mtoto mwenye akili ya nyumbani ni yule anayeona kinachohitajika akakifanya bila kuambiwa. Nadhani bibi yeyote wa Mbulu, na bibi yeyote wa Tanga pia, angeelewa mara moja walichokuwa wakikisema.

Sayansi ya maabara nayo imekuja kuthibitisha kile ambacho bibi hao walikijua. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Harriet Rheingold, aliandaa chumba kikafanana na nyumba iliyovurugika: nguo za kukunja, meza ya kupanguswa, takataka za kufagia. Akawaleta wazazi na watoto wao wa kati ya miezi 18 na 30, akawataka wazazi wafanye kazi zile bila kuwaamuru watoto. Karibu watoto wote waliingia kusaidia wenyewe, kwa haraka na kwa furaha.

Lililovutia zaidi lilikuwa maelezo ya wazazi. Wapo waliokiri kwamba nyumbani kwao husubiri mtoto alale ndipo wafanye kazi, ili asiwasumbue. Msomaji, kama umewahi kufua usiku wa manane kwa sababu hiyo hiyo, basi hauko peke yako. Lakini tazama matokeo yake: mtoto huamka akakuta sakafu safi, nguo zimekunjwa na chakula kiko mezani, akaamini kwamba nyumba hujisafisha yenyewe.

Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha uchunguzi mwingine. Mtu mzima alidondosha kibanio cha nguo asiweze kukifikia, au alitaka kufungua kabati mikono yake ikiwa imejaa vitu. Watoto wa miezi 18, ambao hawakumjua mtu huyo, wengi wao walimsaidia bila kuombwa. Miaka miwili baadaye wataalamu hao hao walionyesha jambo ambalo wazazi wa mjini wanapaswa kulisoma mara mbili. Watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi ya kitu kila waliposaidia, baadaye walipungua hamu ya kusaidia kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Biskuti iliyokusudiwa kuwa motisha iligeuka kuwa mshahara, na mshahara ulipokoma kazi ikakoma.

Mama wa Mbulu hatoi biskuti. Huenda ni kwa sababu hana, lakini hilo halibadilishi ukweli kwamba anafanya sawa.

Basi mtoto apewe nini? Kwa uzoefu wa malezi na kwa yale yanayofahamika kuhusu makuzi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kutekeleza agizo moja rahisi. Anaweza kutia nguo chafu kwenye kapu, kurudisha viatu mlangoni, kumpa baba kijiko, kutupa ganda la ndizi kwenye ndoo ya taka. Agizo lenye hatua mbili, kama "chukua kitambaa, kisha ufute maji yale", kwa kawaida lisubiri hadi karibu miaka miwili na nusu. Hapo anaweza pia kupanga vikombe vya plastiki, kumwagia maua maji kwa kopo dogo, kutenganisha soksi na kuwatupia kuku punje. Akifika miaka mitatu hadi minne anaweza kufagia kipande kidogo cha uani, kuosha kikombe chake mwenyewe katika beseni, kuchambua mchicha, kubeba maji katika kidumu kidogo kisichomlemea na kutandika mkeka.

Vifaa navyo vina sehemu yake. Ufagio wa mtu mzima kwa mtoto wa miaka miwili ni kama sisi kupewa mlingoti. Vijijini tatizo hili limetatuliwa zamani bila gharama: ufagio uliochakaa hukatwa ukawa mfupi, kibuyu kidogo kikawa chake, ungo uliotoboka ukapata mwenyewe. Mjini tunanunua vyombo vya kuchezea vya plastiki vyenye rangi za kupendeza, ambavyo haviwezi kufagia wala kupika, kisha tunashangaa mtoto anapovitupa na kuja jikoni kung'ang'ania sufuria halisi.

Wazazi wengi hushindwa hasa kwenye uvumilivu. Mtoto atamwaga maji. Atafagia taka kuelekea mahali palipokwisha kufagiliwa. Kazi ya dakika tano itachukua ishirini, na baadaye utairudia. Mwandishi wa makala haya alipoteza bakuli mbili za udongo na subira nyingi kabla ya kukubali kwamba vyombo vya kuanzia viwe vya plastiki. Kosa kubwa, hata hivyo, ni kuirudia kazi mbele ya macho ya mtoto. Akiona umefagia upya pale alipofagia, ameelewa kwamba kazi yake ilikuwa maigizo. Subiri atoke.

Aidha, asilazimishwe. Mtoto wa umri huu anayekataa kuokota vitu vyake leo si mkaidi wa kuchapwa. Huenda amechoka, ana njaa au amevutiwa na kitu kingine. Okota naye, mkono wako na mkono wake, mmalize pamoja.

Zipo hatari, na hapa vijijini si mahali pa kuigwa kwa kila jambo. Mafiga ya mawe matatu yanayowaka chini, katika kimo cha uso wa mtoto, ni hatari ya kila siku, pamoja na sufuria ya makande inayotokota na chai ya moto iliyowekwa sakafuni. Mtoto wa umri huu hana kazi yoyote jikoni moto ukiwaka. Moshi peke yake unatosha kumwumiza kifua. Dawa za kuogeshea mifugo na viuatilifu vya mashambani vinavyohifadhiwa katika chupa za soda havina budi kufungiwa mahali pa juu, kwani mtoto aliyefundishwa kuleta chupa ataleta chupa yoyote. Punje za maharage na karanga humkaba koo mtoto wa chini ya miaka mitatu, hivyo kuchambua kufanyike mbele ya mtu mzima. Maji nayo, hata ya ndoo iliyojaa nusu tu, yanaweza kumzamisha aliyeinama akapinduka.

Liko pia suala la mikono. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa wilayani Mbulu mwaka 1955, ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti mkubwa wa kimataifa ulioanza mwaka 2009 katika nchi nane, ukifuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuona jinsi maambukizi ya tumbo na lishe duni vinavyohusiana na ukuaji wao. Udumavu ni tatizo kubwa katika maeneo hayo. Mtoto anayelisha kuku au kushika ndama anapaswa kunawa kwa sabuni kabla ya kula, na kunawa huko kufundishwe kama sehemu ya kazi yenyewe. Kazi haiishi kuku wakishashiba. Inaisha mikono ikishakuwa safi.

Wakati wa maafa kazi hizi ndogo hupata maana nyingine. Desemba 3, mwaka 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuwaacha wengine wengi bila makazi. Wataalamu wa watoto katika dharura husisitiza kwamba mtoto aliyepoteza nyumba hutulizwa na ratiba inayojirudia: kuamka, kunawa, kukunja blanketi, kumsaidia mama kupokea chakula. Kukunja blanketi hakurudishi kilichopotea, lakini humrudishia mtoto jambo moja analolijua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Je, kazi za mtoto wa kike na wa kiume zitofautiane? Mbulu na Hanang, kama kwingineko, wasichana hukua wakielekezwa kwenye maji na kuni, wavulana kwenye mifugo. Lakini katika umri wa miaka miwili tofauti hiyo bado haina nguvu, na wote huokota punje pale pale. Mwaka 1973 mtaalamu Carol Ember alichapisha utafiti kutoka kwa Wajaluo wa Kenya, kuhusu wavulana waliopewa kazi za ndani kwa sababu tu nyumba zao hazikuwa na wasichana wa umri wa kuzifanya. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Baba anayeogopa kwamba ufagio utamharibu mwanawe anaweza kutafakari hilo.

Turudi sasa kwenye swali la utumikishwaji, kwa sababu ndilo lenye uchungu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara yake ya 31, unasema mtoto ana wajibu pia, kulingana na umri na uwezo wake, ukiwemo wa kudumisha umoja wa familia na kuwasaidia wazazi panapokuwa na haja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala maendeleo ya mtoto na isiyomzuia kwenda shule.

Mstari uko hapo. Kazi ya mtoto mdogo nyumbani ni halali inapokuwa fupi, inapofanywa pamoja na wakubwa, inapomwachia muda wa kucheza na kulala, na inapokuwa kwa faida yake kwanza. Siku nyumba inapoanza kuitegemea kazi hiyo, kiasi kwamba mtoto asipoteka maji hakuna maji, mstari umevukwa hata kama anayemtuma ni mama mzazi. Msichana wa miaka minane anayebaki nyumbani kumlea mdogo wake wakati wenzake wako darasani hafundishwi kazi tena.

Na hapa mji na kijiji vinakutana. Wasichana wa kazi katika nyumba za Arusha na Dar es Salaam hutoka mikoa kama Manyara, Singida, Dodoma na Iringa, na baadhi yao huletwa kabla ya kutimiza umri huo wa kisheria. Yule aliyejifunza kufagia akiwa na miaka mitatu kwa furaha ya kuwa pamoja na mama yake, hujikuta akiwa na miaka 13 anafagia nyumba ya watu tangu alfajiri, ili mtoto wa nyumba hiyo asiguse kitu chochote. Watoto wawili wanapata hasara chini ya paa moja: mmoja kwa kazi kuzidi, mwingine kwa kunyimwa.

Dada wa kazi mwenye umri unaokubalika, aliyelea wadogo zake huko Dongobesh au Endasak, mara nyingi anajua kuliko mwajiri wake jinsi ya kumshirikisha mtoto wa miaka miwili. Anajua kwamba akikaa chini kuchambua mchele, mtoto atakuja. Akizuiwa asimruhusu mtoto kugusa kitu, atatii kwa sababu ni agizo la mama mwenye nyumba. Agizo hilo linaweza kubadilishwa jioni ya leo, kwa kuanza na kikombe kimoja cha plastiki, beseni lenye maji kidogo na mtu mzima aliyeketi pembeni.